Maji ya bomba kisiwani: hatua za kufuata kabla hujayatia kinywani

Umefika kisiwani, jua limekuchoma njia nzima. Unafungua bomba, maji yanatoka meupe pe. Unywe, usinywe?

Jibu la haraka ni usiyanywe bado. Si kwamba kila kisiwa cha joto kina maji mabaya. Singapore iko karibu kabisa na ikweta, na watu wake hukinga maji bombani wakanywa papo hapo bila kuyachemsha. Vipo visiwa vingine ambako glasi moja inatosha kukulaza siku tatu. Tofauti iko kwenye safari ya maji: yametoka wapi, yamepita wapi, na yamelala wapi kabla ya kukufikia. Ukiniruhusu swali moja tu kwa mwenyeji wako, sitamuuliza kama maji ya hapo ni salama. Nitamuuliza maji hutoka saa ngapi na hukatika saa ngapi. Sababu iko kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 1: Ulizia chanzo

Kisiwa cha volkano chenye milima huwa na mito na chemchemi. Maji hukingwa huko juu, yakashuka kwa mabomba. Adui yake ni mvua kubwa: tope, kinyesi cha mifugo na taka za mabondeni vyote huingia mtoni kwa mkupuo, na mtambo wa kusafisha maji huzidiwa. Ukiona maji ya bomba yamegeuka rangi ya chai baada ya mvua, yahesabu kuwa ni maji ya mto yaliyopitia kwenye bomba. Na usitegemee sana historia nzuri ya mahali. Haiti haikuwa imeona kipindupindu kwa zaidi ya karne nzima, lakini Oktoba 2010 ugonjwa ulilipuka kandokando ya mto Artibonite, na miaka iliyofuata ukaua takriban watu 10,000.

Kisiwa cha matumbawe ni habari nyingine kabisa, kwa sababu mara nyingi hakina mto hata mmoja. Mvua huzama ardhini, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, huelea chini ya kisiwa juu ya maji ya chumvi. Kuna kanuni iitwayo ya Ghyben na Herzberg: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini ya usawa huo. Inasikika kama neema, lakini isome kinyume. Visima vikivutwa hadi maji yakashuka mita 1, maji ya chumvi huelekea kupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana wakati wa kiangazi, hasa kukiwa na wageni wengi, bomba lililokuwa linatoa maji matamu huanza kutoa maji yenye chumvi. Chumvi hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha unaizidisha, maana maji hupungua na chumvi inabaki.

Tena jiwe la matumbawe limejaa matundu na mianya. Maji hupita humo haraka bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo au mchanga mnene. Choo cha shimo kikiwa jirani na kisima, kilichomo chooni kinaweza kufika kisimani kikiwa bado na vijidudu hai, na maji yakaendelea kuwa maangavu. Kwa hiyo ukiambiwa bomba lako linalishwa na kisima, ulizia na makaro ya vyoo yako wapi.

Kuna visiwa vidogo vyenye watu wengi vinavyotengeneza maji kutoka baharini kwa mitambo ya kuondoa chumvi. Yakitoka mtamboni, maji hayo ni safi kuliko ya mito mingi. Udhaifu wake ni kwamba mtambo ukisimama, mji umekauka. Desemba 2014 moto uliwaka kwenye mtambo wa Malé, mji mkuu wa Maldivi, na watu kama laki moja wakabaki bila maji ya bomba. Nchi nyingine zikalazimika kuwapelekea maji kwa ndege na meli.

Kwingine bomba linatoka kwenye tangi la maji ya mvua. Mvua ikishuka ni safi, paa ndilo lenye mavi ya ndege, vumbi na majani. Maji ya mwanzo ya kila mvua yaachwe yamwagike, hasa baada ya ukame, ndipo mfereji wa paa uelekezwe tangini.

Hatua ya 2: Uliza ratiba ya maji

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila mtu aielewe, kwa sababu inaeleza kitu kinachowachanganya wengi: ofisi ya maji inasema maji ni safi, na watoto mtaani wanaharisha. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Bomba lililojaa maji yenye msukumo hujilinda lenyewe. Penye ufa, maji hutoka kwenda nje, na uchafu wa nje haupati nafasi ya kuingia. Hakuna mtandao wa mabomba duniani usiovuja mahali, kwa hiyo ulinzi wenyewe ni msukumo. Sasa maji yakikatwa, bomba huanza kujimwaga kuelekea mabondeni, na likijimwaga hufyonza. Ufa ule ule uliokuwa unatoa maji sasa unaingiza, na kinachoingia ni kile kilicholizunguka bomba: maji ya mtaro, ya dimbwi, ya karo lililojaa. Mwenye nyumba aliyefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa anaongeza ufyonzaji huo, akijivutia uchafu yeye na jirani zake.

Maji yakirudi, ule uchafu ulioingia ndio unaotangulia. Nimewaona watu wakisikia bomba linakoroma, linatema hewa, kisha wanakimbia na ndoo za maji ya kunywa wakigombea yale ya kwanza. Naelewa kwa nini, kwani maji yanaweza kukatika tena baada ya saa moja. Lakini ndoo za kwanza ziwe za choo, za kudekia na za kumwagilia. Acha bomba litiririke dakika kadhaa, mpaka hewa iishe na rangi itulie, ndipo ukinge ya jikoni.

Kwa kifupi, maji yanayotoka saa 24 mwaka mzima, yenye harufu nyepesi ya klorini, yana dalili nzuri. Maji yanayotoka kwa zamu yatibu kila siku unapokunywa, hata kama mwenyeji wako hayatibu. Yeye amekulia hapo na tumbo lake limezoea vijidudu ambavyo lako halijawahi kukutana navyo, na hata yeye, ukimuuliza vizuri, atakutajia siku zake za kuumwa.

Hatua ya 3: Panda ukalione tangi

Maji yakiwa ya zamu, kila nyumba huwa na tangi. Na tangi ndilo mahali ambapo maji mazuri huharibika kimyakimya.

Niliwahi kupanga nyumba kisiwani yenye tangi jeusi la plastiki juu ya paa. Wiki za mwanzo tuliumwa tumbo kwa kupokezana, na sote tukalaumu chakula. Siku nilipopanda ngazi nilikuta mfuniko umepasuka na kugandamizwa kwa kipande cha tofali. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaometameta. Viluwiluwi vya mbu vilijipinda kuzama kila kivuli changu kilipopita juu yao. Ukingoni, mavi ya mjusi yamekauka. Nikachovya fimbo hadi chini, ikatoka imevaa tope laini, jeusi, la kina cha urefu wa kidole. Na asubuhi hiyohiyo glasi niliyokinga jikoni ilikuwa nyeupe kama machozi, kwa sababu bomba la kutolea maji huwekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi. Tope hukaa pale chini likisubiri siku maji yatakapopungua, au yatakapoingia kwa kishindo na kulivuruga.

Kwa hiyo panda, au mwombe fundi bomba apande akupigie picha. Angalia kama mfuniko unafunga, kama tundu la hewa na la kufurikia yana wavu, na kama sakafu ya tangi inaonekana.

Likiwa chafu, lioshwe hivi. Toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi, suuza, toa tope lote. Jaza tena, utie dawa ya klorini: kwa tangi la lita 1,000, lita 1 ya dawa yenye klorini asilimia 5 inatosha. Fungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya klorini, kisha funga na uache usiku kucha, ikiwezekana saa 24. Halafu mwaga maji hayo yote kupitia mabomba yaleyale na ujaze mapya. Maji ya kuoshea yasinywewe hata tone. Usichanganye klorini na asidi ya kusafishia choo wala sabuni nyingine, hutoa gesi inayoweza kuua. Na mtu asiingie ndani ya tangi kubwa peke yake.

Hatua ya 4: Tumia macho, pua na ulimi, lakini ujue vinapoishia

Hisi zako zinaweza kukuambia maji ni mabaya. Haziwezi kukuambia ni mazuri. Yakiwa na ukungu, vijidudu hujificha kwenye chembe za uchafu na klorini haivifikii vizuri. Harufu ya mayai yaliyooza ni gesi ya salfa, dalili ya maji yaliyokaa bila hewa. Ladha ya chuma na madoa ya kutu kwenye sinki hutoka zaidi kwenye mabomba mazee. Ladha ya chumvi umeshaijua.

Lakini vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini A na E havina rangi wala harufu. Madini ya risasi yaliyotoka kwenye viungio vya mabomba ya zamani hayaonjeki. Naitreti, inayotoka kwenye mbolea na vyoo, haina ladha, na ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji ya kisima, kwani huizuia damu yake kubeba oksijeni. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Hii nayo haipungui kwa kuchemsha.

Ukikaa kwa muda mrefu, pima. Vipo vijikaratasi vya kupimia klorini, na maji ya bomba yanatakiwa yakufikie yakiwa na klorini huru angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo cha uchafu wa kinyesi hutafuta bakteria aitwaye E. koli, na katika mililita 100 asipatikane hata mmoja. Kuna pia vichupa vyenye dawa ambavyo maji yakigeuka meusi baada ya siku moja au mbili, ujue pana dalili za kinyesi. Chumvi na naitreti zipimwe maabara. Ukichukua sampuli, ichukue ya jikoni na si ya bomba la nje pekee, maana unataka kujua unachokunywa.

Hatua ya 5: Chagua namna ya kuyatibu

Kuchemsha ndiko ninakokuamini kuliko kote kwa vijidudu. Yaache yachemke hadi mapovu makubwa yapande kwa nguvu, kwa dakika 1 nzima. Ukiwa mlimani zaidi ya mita 2,000, dakika 3. Hakuna haja ya kuyachemsha nusu saa na kumaliza kuni au gesi. Yapoe ndani ya chombo kilekile, kimefunikwa. Wengi huyachemsha vizuri kisha huyamimina kwenye jagi lililosuuzwa kwa maji ya bomba, na kazi yote inaharibikia hapo.

Klorini ni rahisi na huendelea kuyalinda maji yakiwa yamehifadhiwa. Ukiwa na vidonge vya kutibu maji, fuata kipimo cha pakiti. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo, iwe haina manukato wala rangi, na usome nguvu yake kwenye chupa. Ikiwa kati ya asilimia 5 na 9, tia matone 2 kwa lita. Ikiwa ya asilimia 1, matone 10. Nguvu nyingine yoyote, achana nayo ununue vidonge. Koroga, subiri dakika 30. Yanapaswa kunukia klorini kidogo. Yasiponukia kabisa, rudia kipimo na usubiri dakika 15 nyingine. Maji yenye ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha tia dozi mara mbili. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidia ambacho klorini haikiwezi, kwa hiyo mahali penye mifugo juu ya chanzo cha maji, chemsha.

Vichujio visikudanganye kwa bei zake. Chenye matundu ya mikroni 0.2 huzuia bakteria na vimelea, lakini virusi ni vidogo mno na hupita, hivyo changanya na klorini au kuchemsha. Cha mkaa peke yake huboresha ladha na harufu tu. Mtambo mdogo wa nyumbani unaosukuma maji kwenye utando mwembamba ndio unaoweza kupunguza chumvi na naitreti, nao hutupa maji mengi kila unapofanya kazi.

Usipokuwa na chochote, lipo jua. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uijaze maji maangavu na kuilaza juani saa 6. Mawingu yakitanda, iache siku 2 mfululizo. Kwanza isimamishe juu ya karatasi yenye maandishi na uchungulie kupitia mdomo wake: usipoweza kuyasoma, maji yana ukungu mno, jua halitapenya.

Asubuhi, kabla ya kukinga, acha maji yaliyolala kwenye mabomba yamwagike nusu dakika au zaidi. Na maji ya kunywa au ya kupikia yasitoke kwenye bomba la maji ya moto, maana maji ya moto huyeyusha metali za mabomba kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 6: Ziba njia za pembeni

Mtu anaweza kuchemsha maji yake kwa uaminifu na bado akaugua kwa sababu ya barafu. Kuganda hakuui vijidudu, na pombe iliyomo kwenye glasi haiwaui pia. Usipojua barafu imetengenezwa kwa maji gani, kunywa bila barafu. Mswaki usukutue kwa maji yaliyotibiwa. Matunda na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji hayohayo. Kuoga hakuna neno, ila funga mdomo, na mtoto umuogeshe kwenye beseni badala ya kumwacha chini ya bomba la mvua akimeza.

Maji ya chupa yaangalie kifuniko: kile kipete cha chini kiwe hakijakatika. Yale madumu makubwa ya kurudishwa na kujazwa tena ni mazuri tu kama kifaa yanakowekwa kinaoshwa. Pitisha kidole safi ndani ya kidomo cha kifaa hicho. Ukihisi utelezi, usinywe hapo.

Nyumbani, hifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba lake, kimefunikwa. Kikombe na mkono visizame ndani. Weka pia akiba: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za siku 3 angalau. Kisiwani meli huchelewa na dhoruba hukata umeme wa pampu, na baada ya mafuriko maji yote ya bomba, hata ya mahali palipokuwa pazuri, yachemshe mpaka mamlaka itangaze yamepimwa.

Ukishaumwa

Kuharisha kunaua kwa kukausha mwili, kwa hiyo usimnyime mgonjwa maji kwa kuogopa ataendelea kuharisha. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Huna pakiti, changanya lita 1 ya maji yaliyotibiwa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visiwe na kichuguu. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Anywe kidogokidogo, akitapika subiri dakika 10 uanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyozama, mtoto analia bila machozi au hajakojoa kwa saa 6. Mjamzito asisubiri hata dalili hizo, hasa macho yakianza kuwa manjano, kwani homa ya ini E huwa kali sana kwake. Na choo kikitoka kama maji ya kuoshea mchele, mfululizo, ondokeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku, huku mnamnywesha njia nzima.